Nyumba Iliyotoka Mstarini

Sikuzani alirudi kutoka shamba la kijiji na kikapu cha muhogo kichwani, akakuta nyumba yake imetoka mstarini. Nyumba zote za kijiji zilikuwa kwenye mstari mmoja ulionyooshwa kwa kamba na watu wa Operesheni Vijiji, na yake ilikuwa ya nne kutoka ofisi ya Chama. Sasa ilikuwa imesogea mbele na kukanyaga njia ya baiskeli, na mlango, uliokuwa ukiitazama ofisi, ulitazama kaskazini, upande wa Mlandizi. Alitua kikapu, akaingia kuangalia jikoni. Mafiga yalikuwa mahali pake na chungu cha kunde hakikumwagika. Akawasha moto.

Mzee Mwinshehe, balozi wa nyumba kumi, alifika kabla ugali haujaiva.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba imeziba njia."

"Nimeiona."

"Umeisogeza wewe?"

"Nilikuwa kwenye palizi, mzee. Na wewe ulikuwapo."

Mzee Mwinshehe aliizunguka nyumba, akagonga ukuta kwa bakora kama mtu anayechagua mtungi sokoni. "Tuliipakia kwenye lori sisi wenyewe," alisema. "Fito, milango, makuti, vyote tukavileta hapa kutoka kule kwenu. Sasa imezoea kuhama." Alikaribishwa ugali, akakaa.

Huko Mlandizi ndiko alikokuwa Biasha, binti yake. Alikuwa na miaka mitatu baba yake, Kondo, alipomwandikia Sikuzani talaka na kumpakia mtoto kwenye baiskeli, mbele, juu ya mtalimbo, akishika kengele. Kondo alikuwa amekwisha kuoa mwanamke mwingine, Zena, na alisema mtoto ni wa baba, hakuna la kuzungumza. Biasha alipiga kengele njiani mpaka sauti ikapotea kwenye mikorosho.

Wiki ileile Sikuzani alikuwa amekandika kuta. Udongo ukiwa bado mbichi, Biasha alibandika viganja vyake viwili kando ya mlango, chini, usawa wa goti la mtu mzima. Sikuzani alimkaripia kwa kumharibia ukuta.

Baraza la usuluhishi lilimwita Kondo, asije. Likamwita tena, asije. Likaandika kwamba limeshindwa. Ndipo Mashaka, kaka yake Sikuzani, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini Dar es Salaam, alipouza baiskeli yake na kumpeleka dada yake kwa wakili.

Wakili aliitwa Laurean. Alikuwa kijana mpole mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa, na alipomsikiliza mtu aliacha kuandika. Alimweleza kwamba mahakama ya mwanzo mawakili hawaruhusiwi, kwa hiyo wangefungua kesi mahakama ya wilaya, huko Kisarawe.

"Sheria ya Ndoa iko upande wako, mama," alisema. "Mtoto ambaye hajafika miaka saba, mahali pake ni kwa mama yake, mpaka aje mtu aonyeshe sababu. Nyumba unayo?"

"Ninayo."

"Ya kudumu?"

Sikuzani alifikiri. "Inatembea kidogo."

Laurean alichukua kalamu. "Kidogo kiasi gani?"

"Jana ilikuwa imefika kwenye mikorosho."

"Basi hiyo tusiitaje mpaka tuulizwe," alisema Laurean, akairudisha kalamu mezani.

Mahakamani Kondo alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi. Alisema yeye ana nyumba ya bati, ana mke wa kumwogesha mtoto, na mama yake mtoto hana makazi yanayoeleweka. Laurean alisimama. Alikuwa ameisomea hoja yake vizuri, na sauti yake ilionyesha hivyo. Aliiomba mahakama isisikilize maneno, iende yenyewe kuiona nyumba. Hakimu, mtu wa kikohozi na maneno machache, alikubali.

Walikwenda siku ya pili kwa Landrova: hakimu, karani, Kondo, Laurean na Sikuzani. Mzee Mwinshehe aliwapokea penye mwisho wa mikorosho. Mbele yake palikuwa na kiwanja cha mraba kilichofagiwa, kisicho na jani hata moja, na ukubwa wake ulikuwa ukubwa wa nyumba.

"Nyumba iko wapi?" aliuliza hakimu.

"Imeondoka asubuhi, mheshimiwa. Tulikuwa tunakunywa chai."

"Ilikuwa na kibali cha kuhama?"

"Haikuomba."

Hakimu alimgeukia karani. "Andika. Mahakama imefika na haikukuta nyumba."

Laurean alisema nyumba inamfuata mtoto. Alisema, kwa heshima zote, kwamba angeomba mahakama ipime yenyewe ni nyumba ngapi za akina baba zimewahi kufanya hivyo.

"Wakili, sikatai kwamba inamfuata," alisema hakimu. "Ninauliza mtoto atalala wapi kesho."

Laurean alifungua kitabu chake cha sheria. Akakifunga. Kondo alitazama viatu vyake, na Sikuzani, ambaye alikuwa amewapikia wageni muhogo wa nazi, alikumbuka kwamba chungu nacho kimeondoka.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mtoto akae kwa baba mpaka mama aonyeshe kwamba ameishi mahali pamoja, katika nyumba iliyotulia, mwaka mzima. Amwone mtoto kwa makubaliano na baba. Baba hakukubali lolote.

Ikawa Sikuzani akitoka asubuhi kutafuta kibarua cha kulima au kuchota maji, jioni anaifuata nyumba ilipo. Haikuwa kazi ngumu. Ilipita mahali peupe, ikakwepa makaburi na mashamba ya watu, na kila alipouliza alionyeshwa.

"Ya kwako ile ya makuti?" waliuliza wanawake kisimani. "Imepita hapa adhuhuri."

"Ilikuwa inakwenda upesi?"

"Inajikokota. Ila mwenzetu, haina adabu. Imepita katikati ya watu wazima, hata hodi."

"Nitaisema," alijibu Sikuzani, nao wakacheka, wakamjazia ndoo, na mmoja akamtwisha.

Ilipofika stesheni ya Soga, nyumba ilikaa kando ya reli, upande huu wa tuta. Bwana wa stesheni alimwambia Sikuzani aiondoe, kuna treni ya mchana. Sikuzani aliingia ndani akaketi kitandani, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuiondoa. Treni ilipita, vikombe vikagongana kidogo, na alipotoka nje tuta lilikuwa nyuma yake.

Mlandizi nyumba ilisimama nyuma ya ua wa Kondo, kwenye muhogo wa kijiji, karibu kiasi kwamba makuti yake yaligusa michongoma ya ua. Kondo alimwita balozi wa huko. Balozi alipima, akaona ua ndio mwisho wa kiwanja cha Kondo. Tena alikuwa na nyumba tisa tu tangu mjane mmoja afariki, na wilayani walikuwa wakimuuliza ya kumi iko wapi. Aliiandika siku hiyohiyo.

"Iambie itulie lakini," alimwambia Sikuzani. "Nikishaandika sifuti."

Nyumba ilitulia. Haikusogea tena hata kwa upana wa kidole.

Sikuzani alipanda basi hadi Dar es Salaam kumpa Laurean habari. Laurean alifurahi mpaka akasimama. Akamwambia mwaka wa kuhesabiwa umeanza, na kwamba sasa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko wakati wowote.

"Usimwite mtoto. Usimpe kitu juu ya ua, hata embe. Usimwambie wewe ni nani. Kondo atasema unamrubuni, na hakimu atamsikia. Vumilia mpaka kesi iishe, mama, halafu utamwita unavyotaka."

"Nikimwangalia?"

Laurean alifikiri kwa haki. "Kumwangalia hakukatazwi."

Basi akamwangalia. Biasha alikuwa amerefuka na jino moja lilikuwa limeng'oka. Zena alimsuka vizuri, nywele haziachwi hata siku mbili. Sikuzani aliliona hilo na hakujua ashukuru au alie, akaenda kutwanga. Mpira wa matambara ulipoanguka upande wake, aliuweka juu ya michongoma na kuingia ndani kabla mtoto hajafika. Usiku mmoja Biasha alipokuwa na homa, Sikuzani alimsikia akikohoa, akakaa mlangoni amejishika mikono mpaka kukapambazuka.

Nyumba haikuwa imepewa maagizo ya wakili. Kuta zilisimama pale pale, lakini paa la upande wa ua lilianza kurefuka. Makuti yalivuka michongoma, yakashuka upande wa pili, yakatia kivuli mahali ambapo Biasha alicheza kombolela na wenzake wakati wa jua kali. Kondo alitaka kuyakata. Zena alimwambia ayaache, anaanika kisamvu chake hapo chini, kisikauke sana.

Mwaka ulitimia. Laurean alipeleka maombi, na kesi ikapangiwa tarehe. Kabla ya tarehe hiyo vita vya Kagera vilianza, magari ya serikali yakapelekwa mpakani, na hakimu akahamishwa. Hakimu mpya alichelewa kuja. Alipokuja aliomba muda wa kusoma jalada. Katika kungoja huko Biasha alitimiza miaka saba, akaanza darasa la kwanza, na kile kifungu cha sheria kilichokuwa upande wa Sikuzani kikaacha kumhusu.

"Sasa mahakama inaweza kumuuliza mtoto mwenyewe," Laurean alimweleza kwenye benchi la nje. Hakumtazama.

Hakimu mpya alikuwa mzee mwenye sauti ya kubembeleza. Alimwita Biasha karibu na meza, akampa kiti.

"Unamfahamu yule mama pale?"

"Ndiyo. Mama jirani."

"Ni mtu mzuri?"

"Nyumba yake ina kivuli."

"Na yeye?"

Biasha alimtazama Sikuzani. "Hasemi na watu."

"Ungependa kukaa wapi, binti?"

"Kwetu."

"Kwenu ni wapi?"

"Kwa baba na mama," alisema Biasha, akamwonyesha Zena kwa kidole, na Zena akainamisha kichwa.

Karani aliandika. Nje Laurean alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Ulifanya yote niliyokwambia," alisema.

"Yote," alisema Sikuzani. Akamshukuru, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali, kisha akaenda kituoni. Kondo, Zena na Biasha walikuwa wamepanda basi hilohilo, maana walikuwa wanakwenda mahali pamoja. Biasha alilala njia nzima akimlalia Zena.

Kabla ya masika Sikuzani alichanganya udongo akakandika kuta upya. Kando ya mlango alipita pembeni ya zile alama mbili za viganja bila kuzigusa. Zilikuwa zimekua. Hazikuwa tena usawa wa goti. Zilikuwa zimepanda hadi karibu na kiuno, na vidole vilikuwa virefu, vya mtoto anayeandika.

"Shikamoo, mama jirani."

Biasha alikuwa kwenye pengo la michongoma, na sare ya shule, na fagio la kwenda kufagilia darasa.

"Marahaba."

"Hiyo mikono ya nani?"

Sikuzani aliufuta udongo kwenye vidole vyake, kimoja kimoja. "Ya mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Yuko kwa baba yake."

Biasha aliitazama mikono ukutani, kisha wa kwake uliokuwa umeshika fagio. Kengele ya shule ililia.

"Atakuja?"

"Nyumba iko hapa," alisema Sikuzani. "Wahi shule, utachelewa."

Akachota udongo mwingine, akaendelea na ukuta wa upande wa pili.