Chumba cha Karatasi za Mzee

Katika kituo cha kumbukumbu, karatasi za marais waliokwisha kuondoka madarakani hulala pazuri kuliko watu. Zina kiyoyozi, zina jenereta lake, zina askari mlangoni. Mke wa Fundi Seremala, aliyezifuta vumbi ujana wake wote, alilala sakafuni wodini akitema damu, na wakubwa zake hawakutuma hata mtu wa kumjulia hali. Daktari alipoambiwa habari ya dawa ya mchwa inayopuliziwa karatasi hizo, alitikisa kichwa tu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Udongo wa kaburi haujakaa sawa, binti yao wa pekee akaitwa kazini palepale, ashike nafasi ya mama yake. Wakubwa waliita hiyo huruma.

"Huruma ya fisi," Fundi alisema. Asubuhi ya kwanza akaacha randa mezani, akamfuata.

"Baba, rudi. Mimi si mtoto wa chekechea."

"Nakusindikiza tu."

"Na nyundo?"

"Nimesahau kuiacha."

Mlinzi akaichukua getini.

Ndani ya korido, harufu iliwapokea kabla ya mtu. Maboksi ya Mzee, rais aliyefariki majuzi, yalikuwa yameletwa kutoka shambani kwake yamejaa mchwa. Jana jioni yalipuliziwa dawa, mlango ukafungwa. Kwa utaratibu, mtu haingii mpaka zipite siku kadhaa. Lakini kesho waziri anakuja na familia ya Mzee kupiga picha, kwa hiyo maboksi yapangwe kwenye rafu leo hii. Utaratibu ni wa watu wadogo.

"Fungueni madirisha kwanza," Fundi alisema.

Mkuu wa kituo, ambaye wafanyakazi humwita Suti kwa sababu hata kwenye joto havui koti, alikunja uso. "Madirisha yale hayafunguliwi, mzee wangu. Unyevu unaharibu karatasi."

"Na dawa inaharibu nini?"

"Marehemu mkeo alikuwa na kifua tangu zamani. Tusianze."

"Kifua alikipata wapi? Mimi nimekula vumbi la mbao maisha yangu yote, mbona nimesimama?" Fundi akamwelekezea binti kidole. "Haya, mpeni barakoa."

"Zipo stoo. Ni za wageni."

Fundi alicheka kicheko kikavu, kile cha mtu aliyekwisha kulia mpaka akachoka.

Binti alikuwa ameshajifunga mtandio puani, mkono uko kwenye kitasa. "Baba, niache niingie. Tutakula nini? Nani siku hizi ananunua milango yako?"

Ilimchoma, maana ilikuwa kweli. Watu walikuwa wamehamia milango ya chuma. Hata hivyo alimshika mkono, akamtoa pale mlangoni.

"Bosi, nitaingia mimi."

"Wewe?" Suti alimpima kwa macho kuanzia kandambili mpaka kofia. "Yale yanapangwa kwa mwaka na kwa herufi. Unajua kusoma?"

Fundi alivua kofia. Shule aliiacha mapema, akakimbilia msumeno. Binti aliinamisha kichwa, akamwonea baba yake aibu na huruma kwa pamoja.

"Sijui," Fundi akasema. "Ila mikono ninayo. Nitaleta kila boksi hapa mlangoni, yeye asome, aniambie nikaweke wapi. Ndani hakanyagi."

Suti alitazama saa. "Ilimradi kesho yakae sawa. Na likidondoka moja tu, binti yako kazi hana."

"Halidondoki."

Mlango ulipofunguliwa, macho ya Fundi yalijaa machozi papo hapo. Chumba kilikuwa baridi, kisafi kama chumba cha bwana harusi, isipokuwa maboksi yaliyolundikwa sakafuni. Akainua boksi la kwanza, akalipeleka mlangoni.

"Ziara za nje," binti akasoma. "Rafu ya juu, kulia."

Akaenda, akaweka. Akarudi na lingine. Hotuba. Akarudi. Zawadi alizopewa Mzee. Koo lilikuwa linawaka kama mtu aliyemeza kaa la moto. Suti alikuwa ameshakwenda kupokea simu.

Aliposhika fremu ya mlango ili asianguke, binti alikaza mtandio wake akitaka kupita. Fundi akaziba njia kwa boksi.

"Baba, inatosha! Toka, nimalizie mimi!"

"Rudi nyuma."

"Baba, utakufa humo!"

Akalinyanyua boksi mpaka usoni kwa binti.

"Soma, mwanangu."