Saruji Bado Mbichi

Georgina alikuta jina lake limeandikwa juu ya kaburi, na yeye bado anapumua.

Alikuwa ametoka sokoni Lyulilo kuuza vyungu, kata ya kubebea mzigo bado iko kichwani. Kule migombani nyumbani kwake, penye kaburi la marehemu mumewe Marcel, fundi Dickson alikuwa akisawazisha saruji kwa mwiko. Kando yake alisimama Catheline, dada yake Marcel, aliyekuja kutoka Kanada kumjengea kaka yake kaburi. Mkoba wake alikuwa ameutua juu ya kituta kidogo chenye majani.

Dickson alikwisha kuandika kwa msumari: Marcel Rivard aitwaye Lafleur. Chini yake: Georgina Asajile. Mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu patupu.

"Ndaga, wifi," Georgina alisema. "Ndaga sana, asante kwa kunizika mapema. Hapo patupu pananisubiri mimi?"

Dickson akajifanya anasafisha mwiko. Kumwandika mtu kaburini akiwa hai ni kumtakia kifo. Alilijua hilo tangu utotoni, na msumari akaushika vilevile!

Catheline alifundisha Tabora ujanani, na Kiswahili hakikumpiga chenga. "Wifi, kwetu mke na mume wanaandikwa pamoja, hata mmoja akiwa hai. Na mwanamke hapotezi jina la baba yake. Mama yangu mwenyewe amelala na la baba yake. Ni heshima."

Heshima! Georgina alipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Kistari angekisamehe. Lakini Asajile! Baba yake Asajile ndiye aliyemfukuza kwao Ikombe na mimba ya Marcel tumboni, akamwambia, jina langu usilitaje tena. Mtoto alipozaliwa walituma ujumbe babu ampe jina, kama ilivyo desturi. Mzee akakaa kimya mpaka alipokufa.

"Baba alinikataa mchana kweupe," alisema. "Na wewe unataka nilale na jina lake milele?"

"Sikujua. Marcel hakuniambia."

"Mimi uliniuliza? Umefukua mababu zako mpaka meli iliyowaleta Kanada, mimi niliye hai, ninayekupikia wali, ukashindwa kuniuliza!"

Kweli, miaka nenda miaka rudi Catheline alikuwa akiutafuta ukoo wake. Jana tu, wakila, alisimulia kwa majivuno habari za babu yao wa kwanza, askari Rivard, ambaye wenzake walimwita Lafleur, yaani Ua. Watoto wakalirithi, ukoo ukabaki na majina mawili. Georgina alicheka sana, askari mzima kuitwa Ua. Sasa hakucheka.

"Huyo askari wenu, jina la Ua alipewa na baba yake?"

"Hapana. Ni watu tu walimwita hivyo."

"Na mkaliandika."

"Tukaliandika."

Georgina akavua kata, akapiga magoti. Mfinyanzi haambiwi udongo umebakiza maji kiasi gani, na saruji ile ilikuwa inaanza kukaza. Akaweka kiganja juu ya Asajile, akafuta kwa nguvu zote. Kistari nacho akakifuta.

"Mama Lusungu, saruji itakuchubua!" Dickson alipiga kelele.

"Inichubue! Kama ni lazima niandikwe, nitajiandika. Lete msumari."

"Lusungu ni nani?" Catheline aliuliza.

Georgina aliandika polepole, akiukandamiza msumari: Georgina aitwaye Mama Lusungu. Hakuna mtu pale kijijini aliyemwita vingine kwa miaka thelathini.

"Ni mtoto wa kaka yako," alisema alipomaliza. "Babu alimnyima jina, nikampa mimi. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Marcel alikuwa hawezi kumtaja bila kulia, ndiyo maana hukumsikia."

"Amezikwa wapi?"

Georgina akainuka, viganja vimejaa saruji, akageukia kile kituta kidogo chenye majani.

"Toa mkoba wako juu yake."