Radhi ya Mshamu

Hapo Kibiti, dukani kwa Devji, kila mtu alipata la kucheka. Banyani gani huyu, chumvi ya samaki anauza lakini samaki mwenyewe hataki hata kumnusa. Maji ya kunywa anayachuja kwa kitambaa, kisha vijidudu vilivyonaswa anavirudisha kisimani, eti navyo vina roho. Jua likizama hali kitu mpaka kesho. Lakini Banyani mbaya kiatu chake dawa; walimcheka na chumvi wakanunua kwake. Wa dini yake hakuwapo mwingine, si Kibiti, si Mohoro. Upweke ulimla, na sioni haja ya kuuficha.

Mshamu, mkulima wa Mtawanya, ndiye pekee aliyemcheka kisha akakaa kumsikiliza. Devji alimsimulia habari za watawa wa kale, wafuasi wa Mahavira, mwalimu mkuu wa dini yake: walivyotoka Magadha, kaskazini ya nchi ya kwao, kwa miguu mitupu, wakifagia njia wasije wakakanyaga sisimizi, wakiachiliwa mbwa, na njaa ilipoingia kwao wakashuka kusini wakiomba chakula mlango kwa mlango. Watawa wale ni mwiko kupanda chombo, kwa hiyo dini ilifika pale miguu ilipoishia, na bahari ikaizuia. Waliovuka ni wachuuzi kama yeye, wasio na mtawa wa kuwaongoza. Mshamu akamwambia kumbe yeye ndiye mkia wa dini, na wote wawili wakacheka.

Mwaka ule wa vita na Mdachi Mshamu alirudi kutoka kwa mganga wa Ngarambe kanywa maji ya dawa, yanayogeuza risasi za Mdachi kuwa maji. Ulimi hauna mfupa. Devji, badala ya kunyamaza, alicheka mbele za watu barazani, akasema maji ni maji tu. Mshamu akainuka, na barazani hakurudi tena.

Zikaingia siku za mfungo wa Devji. Siku ya mwisho haifai jua lizame hujamwomba radhi kila uliyemkosea. Hata Gautama, mwanafunzi mkubwa wa Mahavira, aliwahi kukataa neno la kweli aliloambiwa na Ananda, naye Ananda ni mtu wa kawaida tu, mwenye nyumba na ng'ombe. Mwalimu akamrudisha kwa miguu yake akaombe radhi. Kama Gautama alikwenda, Devji ni nani asiende? Akafunga duka, akaanza nyumba kwa nyumba, viganja vimekutana kifuani.

Lakini Kibiti mtu haombi radhi nyumba kwa nyumba hivi hivi. Huomba mwenye safari ndefu, au anayekufa. Wanawake wakaamua Banyani kanusa jambo, askari wako njiani, wakaanza kufunga mizigo. Alipofika Mtawanya, habari ilikwisha kumtangulia. Alimkuta Mshamu uani, ananoa mkuki.

"Unahama?" Mshamu akauliza.

"Sihami, sahibu."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Mshamu akaacha kunoa. "Basi anayekufa ni mimi. Umekuja kuniaga kama maiti."

Devji akajitetea, akaeleza mfungo, akaeleza Gautama. Mshamu hakupandisha sauti. Alikuwa anaogopa, na Devji aliiona hofu ile, ikamuuma kuliko matusi.

"Leo sikusamehe," Mshamu alisema. "Nikikusamehe leo, nimekubali kwamba sirudi. Ngoja nirudi. Nitakusamehe mbele ya hao hao ulionicheka mbele yao."

Jua likazama. Alfajiri wapiganaji wakaondoka.

Askari walichoma maghala, njaa ikafuata, na siku ya radhi ikarudi. Devji alikwenda tena Mtawanya. Alimkuta Semeni, mke wa Mshamu, kavaa kaniki, anamenya mizizi ya porini. Waliorudi walikwisha kumweleza mumewe alipoangukia. Devji akakutanisha viganja, akamwomba radhi.

"Langu nimekusamehe, shemeji," Semeni akasema. "La Mshamu kaondoka nalo. Mimi siwezi kukupa."

Devji akasimama viganja vimekutana vile vile, hajui avishushe au vipi. Kisha akamshukuru, akashika njia ya Kibiti. Jua lilikuwa bado juu, na hakuwa na mwingine wa kumwendea.