Mguu wa Mwalimu Breki

Jina la Breki alipewa na wanafunzi wake wa udereva, nao hawakumwonea. Gari la kufundishia lina breki ya pili upande wa mwalimu, na kwa miaka mingi mguu wake wa kulia ulikuwa umehamia hapo. Tatizo ni kwamba mguu ule ulikuwa haushuki garini. Binti yake akimimina chai, mguu unakanyaga sakafu. Mama yake akipiga simu, unakanyaga. Hata kitandani ulikanyaga mpaka ukakakamaa, mkewe akaamka kuukanda huku akinung'unika kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na gereji.

"Nenda ukamwone mshauri pale hospitali," mke alimwambia. "Hiyo si misuli, ni mawazo."

Akamwekea miadi, Breki akaiahirisha. Akamwekea nyingine, nayo ikaota mbawa, kwa sababu mdogo wake alipiga simu kusema Mama amegoma kunywa dawa, na Mama humsikia mwanawe mkubwa tu. Ndivyo walivyomzoesha. Kila mtu katika ukoo ule alikuwa na usukani wake. Breki walimwachia yeye peke yake.

Asubuhi ya miadi ya tatu alikuwa na mwanafunzi, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha, anayeendesha vizuri kuliko wengi wenye leseni. Barabara nyeupe, mbele hakuna hata kuku. Ghafla Breki akakanyaga. Nyuma yao lori lilipiga honi, matairi yakalia, na liliposimama kioo cha nyuma kilikuwa kimejaa bampa tupu.

Dereva wa lori aliwatukana matusi ya kila ukubwa. Mkunga hata hakumgeukia.

"Mwalimu, umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Sasa?"

"Nilikuwa nawaza," Breki alisema. Alikuwa akimwona Mama akiteleza bafuni, jambo ambalo halijatokea. Aliogopa, jamani! Lori hakuliogopa, aliuogopa mguu wake mwenyewe. Nusura amuue mama wa watu kwa sababu ya ajali iliyo kichwani mwake tu.

Mkunga aliegesha gari pembeni bila kuambiwa. "Sikiliza, mwanangu. Mficha uchi hazai, na mimi nimewaona wafichaji kwa macho yangu. Anayekuja anasema haumwi, huyo ndiye wa kukutoa jasho. Una mtu wa kumwambia?"

"Nina miadi leo mchana."

"Utaenda?"

"Nitaenda."

"Sikusikii."

"Nitaenda, mama!"

Mkewe aliposikia habari ya lori alimnyang'anya ufunguo, akampa binti yao. Leseni binti alikuwa nayo, ila kuendesha na baba yake pembeni ilikuwa adhabu. Safari hii Breki aliupita mlango wa mbele, akafungua wa nyuma, akaketi kama bosi.

"Baba, huko nyuma hakuna breki."

"Ndiyo maana."

Hawajafika mbali simu ikalia. Mdogo wake.

"Kaka, Mama kagoma tena. Njoo."

"Siji. Mpe wewe."

"Mimi? Si atanitukana!"

"Akutukane. Mimi ananitukana kila siku na sijafa. Kaa naye, mbembeleze."

"Kwani wewe una shughuli gani kubwa hivyo?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na bwana huyu hata kuugusa hakuwahi. Breki alikasirika, kisha akamwonea huruma, kisha akausikia mguu unaanza. "Naumwa," alisema. "Naenda hospitali. Leo zamu yako." Akakata.

Kwenye makutano pikipiki ikachomoka uchochoroni. Breki alikanyaga zulia la gari kwa nguvu zake zote. Zulia halikusaidia lolote. Gari lilisimama taratibu, maana binti alikuwa ameshaiona pikipiki kitambo. Akaipisha, akaendelea na wimbo wake. Breki alibaki akimtazama kisogo, akaona haya, na akafurahi pia.

Nje ya chumba cha mshauri alimkabidhi binti yake simu.

"Baba mdogo akipiga?"

"Mwambie niko kazini."

"Lakini hupo kazini."

"Niko. Hii ndiyo kazi yenyewe."

Mshauri alikuwa mwanamke kijana, chumba chake kina viti viwili na dirisha. Alimkaribisha, akamuuliza kilichomleta. Njia nzima Breki alikuwa ametayarisha jibu: ni mguu tu, unakakamaa, labda apewe dawa ya kuchua. Mara kule nje simu ikalia. Mguu ukakanyaga sakafu. Breki akautazama, halafu akamtazama mshauri.

"Naogopa," alisema. "Naogopa kila kitu, kila saa, na nimechoka kuogopa peke yangu."

Kule nje mlio ulikatika, na akamsikia binti yake akijibu, "Yuko kazini, baba mdogo. Hatoki sasa hivi."