Mchango wa Mama Mdogo

—sita, shoga! Vikopo sita, na choo kimoja! Usicheke kwanza, ngoja nivute pumzi, nimetoka zahanati mbio mpaka kamba ya kiatu imefunguka njiani na sikusimama kuifunga.

Unajua niko kwenye mafunzo kwa vitendo pale maabara, mwezi wa pili huu, na kazi yangu kubwa bado ni kuandika majina kwenye daftari na kuosha vioo. Na mama mdogo unamjua, aliyenilea, mpishi mkuu wa shule. Sasa wapishi wa shule kila miezi sita lazima wapimwe choo kwetu, na wiki hii ndiyo zamu yao. Ukikutwa na minyoo, hushiki mwiko mpaka utibiwe na upimwe tena. Utasema jambo dogo. Mwaka jana mpishi mmoja alisimamishwa wiki mbili tu, akawekwa mtu wa kumshikia nafasi, na mpaka leo huyo mtu kaishikilia. Mama mdogo ana miaka kumi na tisa kwenye jiko lile. Mwiko ule ndio ulionisomesha. Akiupoteza sasa, na umri ule, nani atampa mwingine?

Basi juzi jioni namsikia uani anaongea na simu kwa sauti ya chini. Yeye! Ambaye akipokea simu mtaa mzima unapata habari.

"Msihangaike, jamani. Mchango wangu utawatosha wote." Akasikiliza. "Ee, wote sita. Njooni asubuhi na mapema, kila mtu na kikopo chake."

Akacheka kicheko kidogo, akakata. Nikajitokeza.

"Mchango wa nini, mama mdogo?"

"Wa harusi."

"Ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

"Watu wanaooana! We mtoto, chuo kilikufundisha kupima mkojo au kuhoji wakubwa?"

Harusi isiyo na bwana wala bibi harusi, shoga! Na mchango gani unatiwa kwenye kikopo? Nikajua tu: hawa wanataka kumhonga bosi wangu, na atakayebebeshwa bahasha ni mimi. Usiku sikuonyesha kitu, nikala, nikaaga. Lakini macho yangu yalikuwa kazini. Nikaona anapanda zile ngazi tatu za mlangoni huku kashika ukuta. Anatafuna vipande vya barafu kama karanga. Viganja vyeupe kama vimelowa unga. Nikasema moyoni, hofu hiyo, dhambi inamtafuna.

Kumbe kulikuwa na kingine kinachomtafuna.

Jana asubuhi vikopo vikaja, vyote kwenye mfuko mmoja, vimeletwa na Bi Midomo. Huyo ni mpishi mwenzake, anaitwa hivyo kwa sababu akigusa nyanya midomo inavimba kama mpira wa baiskeli. Mara moja alilazwa kabisa. Kaweka mfuko mezani, hanitazami.

"Vya wote?" nikamuuliza.

"Vya wote."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Wanapika. Watoto watakula vyeti?"

Akageuka akaenda zake, mbio mbio. Mtu aliyeleta choo chake mwenyewe hakimbii hivyo!

Bosi wangu tunamwita Bwana Taratibu, maana hata moto ukiwaka atasema taratibu. Akatazama kioo cha kwanza kwenye darubini, akaniita nami nitazame. Mayai ya safura, tele, maganda yake membamba kama glasi. Kioo cha pili, safura. Cha tatu, safura. Mpaka cha sita, mayai yale yale, wingi ule ule.

Safura ni yule mnyoo mdogo kama kipande cha uzi, anayeng'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Chuoni mwalimu wetu alikuwa anasema tumbo ni nyumba ya kupanga: mna vijidudu visivyohesabika, wengi wao wapangaji wema kabisa, wanasaidia kusaga chakula na kuwafungia mlango wabaya. Ukiwafukuza hao nao, umejiharibia mwenyewe. Lakini safura haishi nyumbani, anakula nyumba.

"Wanakula sufuria moja," Bwana Taratibu akasema. "Choo kitafanana."

Nikakubali. Halafu nikakitazama tena kikopo chenye jina la Bi Midomo. Mbegu za nyanya! Na maganda yake mekundu!

"Bosi, huyu hali nyanya."

"Umejuaje?"

"Akila anavimba. Alilazwa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akavipanga vikopo sita mstari mmoja dirishani kama wanafunzi wa darasa la kwanza, akavitazama. Mimi natamani kumsukuma, yeye taratibu.

"Hiki choo ni cha mtu mmoja," akasema. "Na kwa mayai haya, mtu huyo sijui anasimamaje. Damu yote imekwisha. Ni nani?"

Hapo ndipo neno liliponipasukia kichwani, shoga. Mchango! Wakubwa wetu minyoo ya tumbo wanaiita nini? Si mchango? *Mchango wangu utawatosha wote!* Mama mdogo hakuchangia harusi. Kawagawia wenzake choo, na bila kujua kawagawia mchango wenyewe, na mimi nimekaa kusubiri bahasha!

Nikabaki nimekodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Bwana Taratibu akaniona.

"Nikisaini majibu haya, wote sita wanatoka jikoni," akasema. "Nikiandika kwamba wamedanganya, hawarudi tena. Lakini karatasi inaweza kungoja; mtu huyo anakwisha. Nasaini kesho saa nne. Mlete kabla."

Sikungoja jioni. Nilimkuta mama mdogo nyuma ya jiko, kwenye kibustani chake cha mboga, kachutama, miguu peku kwenye udongo mbichi. Miaka yote anasema udongo haupendi viatu.

"Harusi ilikuwaje?" nikamwambia.

Akaangua kicheko, na kicheko kikamchosha mpaka akakaa chini.

"Bi Midomo kasema?"

"Nyanya zimesema."

"Walikuwa wanaogopa, mwanangu. Mimi nilimeza dawa ya minyoo miezi mitatu iliyopita, nikajua choo changu ni safi kama sahani. Nikasema bora kisafi kimoja kiwafae wote."

"Mama mdogo, chako ndicho chenye safura."

Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Unanitania."

"Dawa iliwaua wa zamani. Hawa wamekuja upya, kwa huu udongo unaoukanyaga peku. Wanatoboa ngozi ya mguu, wanapanda mpaka tumboni."

"Nani mwingine anajua?"

"Bosi anajua kuna mtu. Hajui ni wewe."

Sasa ndipo aliponitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, jicho la kunipima. "Kwa hiyo ukinyamaza, hajui."

Nilitamani kunyamaza, nakwambia kweli. Nikamshika kiganja, nikakigeuza juu. Cheupe.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Uliniambia wewe, siku ile nilipoficha jino."

"Jino si kazi," akasema. "Miaka kumi na tisa." Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Nikamnyanyua mimi, na shoga, alikuwa mwepesi! Yule mwanamke aliyekuwa ananibeba mgongoni na ndoo kichwani.

Leo saa tatu alikuja mwenyewe. Kavaa viatu, kajifunga kilemba kizuri. Akasimama mbele ya Bwana Taratibu.

"Vile sita ni vyangu," akasema. "Wenzangu niliwaponza mimi. Andika jina langu peke yake."

Bwana Taratibu akamkalisha, akamtoboa kidole. Damu ilikuwa sita, shoga, na yeye alitakiwa awe na kumi na mbili! Akavimwaga vikopo vyote, akaandika daftarini kwamba sampuli hazikufaa, zichukuliwe upya hapa hapa zahanati, kila mmoja kwa zamu yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akakimbia. Kwenda kutafuta gari.

Tukampeleka hospitali, wamemlaza. Kamezeshwa dawa, damu inaingia tone tone. Mwalimu mkuu alifika, akamwambia nafasi yake inamsubiri. Unajua mama mdogo alijibu nini, kalala pale na sindano mkononi?

"Iandike. Na mhuri."

Mwalimu mkuu akacheka. Yeye hakucheka. Akaandikiwa, akapigiwa mhuri, akaikunja karatasi akaitia chini ya mto ndipo akafumba macho.

Ila wale watano! Natoka zahanati sasa hivi, namkuta Bi Midomo anazunguka nyuma ya vyoo vyetu. Eti anauliza dirisha la choo linatazama upande gani. Dirisha la nini, dada? Kesho wanaingia mmoja mmoja, na anayesimama mlangoni ni mimi. Wewe kesho mchana usiende popote, kaa hapa hapa kizingitini, nikitoka tu nakuja kukwambia nani kaingia na nini mfukoni.