Picha za Wapamgongo

Asmani wa studio alikuwa na mdomo mtamu, na kwa mdomo huo aliwafanya watu wa Bujumbura wakae juu ya mapipa matupu ya mawese kutwa nzima na bado wamshukuru. Studio yake ilikuwa Rumonge, nyuma ya soko. Rafiki yake Modeste alikuwa na kamyo iliyopeleka mawese Bujumbura na kurudi na mapipa matupu, na Asmani akaona, kwa nini irudi na mapipa peke yake? Akatangaza safari za picha, bei ya mtu wa kawaida. Makarani wakapanda, walimu wakapanda, vijana walionunua kamera ya kwanza wakapanda. Walipiga picha za wavuvi Muhuta, wakala ndagala, dagaa wa huko, Rumonge, kisha wakapandishwa mlimani, njia ya Bugarama, kwenda kuwaona Wapamgongo.

Jina hilo ni kejeli ya watu wa mjini. Wenyewe walijiita Ndugu. Walikuwa wakulima, watu wa sala, wamejitenga na dunia kwa hiari yao: nguo zao merikani tupu, za kufunga kwa kamba, vifungo hawataki, baiskeli hawataki, redio hawataki, na picha ndiyo kabisa. Uso ni wa Mungu, walisema, haugawiwi. Asmani alikaa nao akabembeleza, akabembeleza, mpaka wakakubaliana: migongo, sawa. Basi kila safari aliinua kofia yake juu, akangoja wageuke na majembe yao, ndipo akawaambia wageni wapige. Na ilikuwa picha nzuri, tusiseme uongo: migongo myeupe katikati ya mihogo, ziwa chini, milima ya Kongo ng'ambo.

Mke wake, Chausiku, hakuwahi kufika huko. Kazi yake ilikuwa chumba cha giza, kusafisha filimu na kuanika picha kwenye kamba. Aliwajua Wapamgongo kwa mabega yao tu.

Ikaja ile Jumamosi ya mwisho wa Aprili, mwaka sabini na mbili. Mchana Asmani alikuwa mlimani na wageni wake. Jioni waasi wakaingia Rumonge na mapanga, wakaua watu. Na askari walipokuja kuwafukuza, wakaua zaidi, na hawakuchagua sana. Wageni walikuwa wamesharudi Bujumbura, kila mmoja amejifungia kwake. Modeste, aliyewarudisha, alikutwa amekufa ndani ya kamyo yake, barabarani. Halafu mtu, Mungu anamjua, akaenda kuwaambia askari kwamba kamyo ile ilionekana siku hiyohiyo ikipandisha watu mlimani, na Asmani amekaa mbele. Wakamchukua Asmani mchana kweupe, wakamfungia katika ghala la mawese pamoja na wengine.

Chausiku hakulia. Aliingia chumba cha giza, akaitoa filimu iliyobaki ndani ya kamera, akaisafisha. Karatasi ya kuchapia ilibaki moja tu. Akachapa picha moja, akaitia kifuani ingali na unyevu, akaenda ghalani.

Komanda wa askari wale alikuwa kijana wa sauti ya chini. Aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Migongo," alisema. "Mama, hata waasi wako na migongo."

"Ni watu wa sala, komanda. Bwana wangu alikuwa anapiga foto. Ni kazi yake, mji wote unajua."

"Mji wote unajua mambo mengi siku hizi." Akamrudishia picha. "Kesho asubuhi kamyo inawachukua. Uniletee hata mumoja wa hawa, aseme kwa mudomo wake kwamba bwana yako alikuwa na kamera, si kitu ingine. Ukikosa, basi."

Kamyo hiyo ya jeshi kila mtu Rumonge aliijua. Iliondoka imejaa, ikarudi tupu, na waliopanda hakuna aliyewahi kusikika tena.

Chausiku aliketi chini ya ukuta wa ghala. Alete nani? Mabega? Aliitazama picha mpaka macho yakauma, na hapo ndipo alipomwona. Pembeni kabisa, mama mmoja amegeuka kama wenzake, kwa adabu zote, na mgongoni kwake amebeba mtoto. Nani angefikiri? Mama akigeuka, mtoto wa mgongoni ndiye anayekutazama. Katika mlima mzima wa migongo kulikuwa na uso mmoja, mdomo wazi, na baka jeupe kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni.

Akaondoka saa ileile. Kwenye vizuizi alisema anatumwa na komanda, na askari wakamwacha apite. Alipanda ule mlima bila kunywa hata maji, kanga imelowa jasho, akifika kila mwinuko anajiambia ni wa mwisho.

Aliwakuta Ndugu wanafunga mizigo. Wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, wanaume kwanza, kuelekea Kabonga ili wavuke mpaka waingie Tanzania. Hakuuliza sana. Alitembea kati yao akitazama watoto, na watu wakimtazama kama mwenda wazimu, mpaka akaliona lile baka. Mama wa mtoto alikuwa binti mdogo tu, Émérance, anakunja mkeka karibu na mama mkwe wake.

"Amahoro, mwanangu," Chausiku alimsalimu kwa Kirundi, akapiga magoti kwenye vumbi, yeye mkubwa mbele ya mdogo, akatoa picha.

Émérance aliitazama. Akagusa uso wa mtoto kwa kidole, akamtazama mtoto mwenyewe, kisha akakifuta kidole kwenye nguo yake.

"Tuligeuka," alisema. "Wote tuligeuka."

"Muligeuka, ndiyo. Hakuna mutu aliyefanya makusudi. Lakini bwana wangu wamemufunga, kesho wanamuchukua, na wewe ulimuona hapa na macho yako. Njoo useme neno hilo moja tu. Nakuomba. Neno moja."

"Tunaondoka leo, mama," mama mkwe akaingilia. "Sisi hatuna maneno na askari."

"Tulimuona," Émérance alisema polepole. "Alikuwa mutu muzuri. Tutamuombea."

Hasira ikampanda Chausiku. Kuombewa! Kesho Asmani atapandishwa kamyo ile, na hawa watakuwa wamefumba macho wanamwombea. Alimshika yule binti nguo, akaivuta, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Basi vukeni. Lakini foto ingine kama hii iko kwenye meza ya komanda. Uso wa mutoto wako iko pale. Kila kizuizi mpaka Kabonga watakuwa wanatafuta mutoto mwenye baka."

Ulikuwa uongo mtupu. Picha ilikuwa moja, na aliishika mkononi.

 Émérance akamwambia mama mkwe wake atangulie na wengine, yeye ataenda kuyamaliza maneno hayo na komanda, atawakuta njiani. Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia. Mama mkwe alimwita kwa nyuma, akamwita tena, halafu akaacha.

Njiani Chausiku alitaka kusema kweli. Walipofika kwenye kijito alifungua mdomo, akamwona mawazoni Asmani amelala kwenye sakafu ya ghala, akaufunga. Kwenye kizuizi cha kwanza vilevile. Walilala studio, wamejibanza chini ya meza, na Émérance akamnyonyesha mtoto bila kuuliza lolote. Hapo pia Chausiku alinyamaza. Tusimsamehe haraka mwanamke huyu. Lakini tusijidanganye nasi kwamba tungefanya vingine.

Asubuhi wakaingia ghalani. Komanda alinyoosha mkono, Chausiku akampa picha, naye akaisogeza karibu na shavu la mtoto. Akatabasamu kidogo.

"Ni huyu kabisa."

"Alikuwa anapiga foto," Émérance alisema, macho chini. "Alikuwa na wageni wa mujini. Walikula mahindi yetu, wakaondoka mbele ya jua kuzama. Hawakuwa na panga."

Komanda akaitikia kwa kichwa, akafanya ishara, na askari akamleta Asmani, uso umevimba, kiatu kimoja hana. Chausiku alimshika asianguke. Akamshika mkono, bega, sikio, kama mtu anayehakikisha vitu vyake. 

Komanda alikuwa bado anaitazama picha. Akaiweka mezani, na juu ya meza ile hakukuwa na picha nyingine. Kulikuwa na kofia yake na chupa ya maji, basi. Émérance aliitazama meza. Akaelewa. Akamtazama Chausiku mara moja, kisha akatazama chini.

"Sasa," komanda alisema kwa ile sauti yake ya chini, akaweka kidole kwenye mgongo wa pili. "Huyu ni nani?"

Kidole kikasogea.

"Na huyu? Bwana yako ni mugongo gani hapa? Wanaume wako wapi leo?"

 Komanda alingoja, akashusha pumzi kama mtu aliyechoka na kazi.

"Mama wa studio, chukua bwana yako. Huyu anabaki."

Émérance akamfungua mtoto. Akamzungusha Chausiku kwa mabega, akamweka mtoto mgongoni kwake, akaifunga nguo mwenyewe, akakaza fundo.

"Uji wake usiwe wa moto," alisema.

 Askari akawasukuma nje. Walitembea mpaka kwenye kona ya soko, Asmani anachechemea, anamshukuru Mungu kwa kunong'ona. Kisha akasimama.

"Huyu mutoto anaitwa nani?"

 Chausiku alikuwa amepanga kila neno la kumwambia komanda, la kuwaambia watu wa vizuizi, la kumwambia Émérance. Jina la mtoto hakuliuliza. Akamwacha mumewe pale barabarani, akarudi mbio ghalani, mtoto anaruka mgongoni. Askari wa mlangoni akaweka bunduki mbele yake.

"Wewe si ulipata bwana yako? Enda."

"Jina tu. Nataka jina la mutoto."

"Enda, mama."

Lango likafunguka na kamyo ile ikatoka imejaa, turubai limefungwa pande zote. Chausiku akakimbia nyuma yake, akipiga bodi kwa kiganja, akiuliza kwa sauti yote, "Anaitwa nani? Mutoto anaitwa nani?" Chini ya turubai watu walimsikia. Hawakujua anamuuliza nani. Walisikia mwanamke anataka jina. Wakaanza kutaja majina, kila mmoja lake na la baba yake na la mlima wake, wanaume na wanawake, wote kwa pamoja, mpaka kamyo ikakata kona. Kama la mtoto lilikuwemo, Chausiku hakulisikia.