Kifundo Kisichouma

Baridi yabisi haina adabu. Ilimwanza msusi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mkono wenyewe wa riziki, ikamla mpaka kushika kitana kukawa adhabu.

Daktari wa mifupa alimpa njia mbili. Ya kwanza, kuifunga mifupa kwa bamba la chuma: maumivu yangekwisha na nguvu zingerudi, ila kifundo kisingepinda tena. Ya pili, kumwekea kiungo bandia: kingepinda, ila asinyanyue kitu kizito kuliko birika la chai maisha yake yote, la sivyo skrubu zingelegea mfupani. Msusi hakufikiri mara mbili. Mkono usiopinda utasuka nini?

Shida ilikuwa mama. Bi mkubwa alikuwa amepooza miguu, na msusi ndiye aliyemtoa kitandani kumpeleka bafuni. Kaka mtu, aliyekaa mtaa wa pili, akaapa mbele yao kwamba kazi hiyo sasa ni yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Alipoubeba mwenyewe ndipo akaujua uzito wake. Mwanzoni aliwahi. Baadaye akawa na sababu, na mtu wa sababu haishiwi.

Kiungo kilifanya kazi vizuri mno, na balaa lilianzia hapo. Msusi alirudi saluni, vidole vikikimbia, na wateja wakamtania kwamba ameiba mkono wa binti. Wasusi hupima mkono kwa maumivu: ukiuma unapumzishwa, usipouma unafanya kazi. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyojipima. Asubuhi moja kaka hakutokea, na mama alikuwa amelowa, analia kwa aibu. Msusi akapitisha mikono kwapani mwake, akamnyanyua. Hakusikia kitu. Kesho yake akamnyanyua tena, na kaka, alipoona mambo yanakwenda, akaacha kabisa kuja.

Maumivu yaliporudi aliyaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kitana, kilichomponyoka mara tatu juu ya kichwa kimoja. Hospitalini, picha ya mifupa ilionyesha skrubu zimelegea na mfupa umelika. Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alisema tu kwamba mfupa uliobaki hauwezi kushika kiungo kingine. Kilichobaki ni kufunga.

Jioni ya kabla ya upasuaji alikaa nyuma ya mama, akaanza kumsuka. Kila mkunjo ulimtoa jasho. Mama akauliza mbona leo anakwenda polepole hivi, na msusi, aliyechoka kuficha, akamweleza yote.

Mama akageuza kichwa.

"Ulikuwa unaninyanyua kwa mkono huohuo?"

"Ulikuwa hauumi, mama."

"Ungeniacha nilale kwenye mkojo, mwanangu. Mkojo unafuliwa."

Msusi alilia bila kuacha kusuka. Alitaka kusema angelifanya vilevile tena, lakini hakuwa na hakika, na kumdanganya mama usiku ule asingeweza.

Sasa kifundo kimefungwa. Kina nguvu, hakiumi, na kila asubuhi kinamnyanyua mama bila tabu. Kigoda cha saluni amemwachia mwingine. Nywele za mama, zilizosukwa jioni ile, zimechakaa, zimeota mvi chini ya mistari, na kila anapoambiwa zifumuliwe zisukwe upya, mama anafunika kichwa kwa mikono miwili.